Programu ya Mama Nyuzi yapata mlezi

Mashine ya kutarizi inaanza kunguruma kabla chai haijapoa. Mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi mwekundu pale ilipovunjika, anainamia kipande cha shuka kuukuu na kutazama sindano ikichora waridi. Likiisha, halisifii. Anageuza kitambaa na kupapasa mgongo wa lile ua, kama anayepima joto la mtoto.

"Ametulia," anasema. "Leo hana homa."

Majirani humwita Mama Nyuzi. Chumba chake cha kazi kina mashine hiyo, meza ya kukatia, kompyuta na benchi moja la wateja. Hutarizi nembo za sare za shule, majina ya wauguzi mifukoni na mashuka ya maharusi. Huyo mgonjwa wake ni programu ya kompyuta, ile inayogeuza mchoro kuwa mishono ambayo mashine inaielewa. Bila hiyo, mashine ni meza tu, tena meza mbaya.

Kompyuta yake inatumia Linux, mfumo usiolipiwa, aliowekewa na fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Mfumo huo una ghala lake rasmi la programu. Iliyomo ghalani hutunzwa: mfumo ukisasishwa, nayo hurekebishwa iendane nao. Programu ya Mama Nyuzi haikuwamo. Fundi aliichukua moja kwa moja kwa aliyeitunga, akaipachika kwa mkono.

"Kila apdeti ikija, inaanguka chali," anakumbuka. "Mara ya mwisho iliangukia kwenye sare za wauguzi. Mashati arobaini yamejaa hapo kwenye benchi, mwenye kazi anapiga simu, mimi namwambia namalizia, na hata sijaanza."

Kazi ile ilikwenda kwa mwingine. Mama Nyuzi akachomoa waya wa intaneti, akaupiga fundo, akautia kwenye kopo la vifungo. Kompyuta ikakaa zaidi ya mwaka bila kusasishwa. Fundi alipogundua, alishika kichwa.

"Mama, flashi za wateja zinaingia humu kila siku na huna kinga! Huku ni kulala na mlango wazi."

"Na nikiufunga, mwanangu, nalala njaa. Chagua wewe."

Ndipo fundi akasema ipo njia moja: kuwaomba wenye mfumo waipokee programu ile ghalani rasmi. Mama Nyuzi alitamka, fundi akaandika. Hamjambo huko mliko? Watoto wazima? Sisi huku tunashukuru...

"Mama, hatupeleki posa," fundi akamkatiza.

"Andika. Siwezi kumwomba mtu kitu kabla sijamjulia hali."

Fundi akaitafsiri barua na salamu zake zote. Jibu lilikuja fupi. Je, mtungaji ameruhusu programu itumiwe na watu wote? Ameruhusu. Nani atakuwa mlezi wake? Hapo wakakwama. Katika mfumo ule, programu haipokelewi mpaka apatikane mtu atakayeiangalia na kuirekebisha kila mambo yanapobadilika.

"Kupachika naweza, kulea sina muda," fundi alikiri. Mume wa Mama Nyuzi, mshona viatu, naye aliulizwa. "Nikamwambia nimelea sita," anasema. "Huyu wa saba awe kwanza na miguu, nimshonee viatu."

Ombi likakaa miezi bila wa kulishika. Kisha mwanamke mmoja wa nchi ya mbali, mmoja wa wanaojitolea kulea programu, akajibu: "Sisi pia wazima. Maombi yote niliyosoma mwaka huu, ni wewe tu uliyetuuliza." Angekubali kuwa mlezi, ila hakuwa na mashine ya kutarizi. Nani angejaribu kazi yake?

"Mimi ninayo," Mama Nyuzi akajibu.

Toleo la kwanza la majaribio lilipofika, kwa flashi ya fundi, Mama Nyuzi alitarizi waridi, akalipiga picha kwa simu, akaituma: zuri kabisa. Mlezi akaomba picha ya mgongoni. Mama Nyuzi alinuna siku nzima.

"Kazi yetu hii, mgongo wa kitambaa hauonyeshwi mtu," anasema. "Ni kama mgeni aombe kuchungulia chini ya kitanda."

Kumbe nyuzi za mgongoni zilikuwa zimesokotana, naye alizikata kwa mkasi kabla ya kupiga picha hiyo ya pili. "Nilidhani namsitiri mwenzangu," anasema, akicheka kwa aibu.

Mlezi, alipoona ncha zilizokatwa, alimjibu kwa upole kwamba ule uchafu ndio anaoutafuta. Mama Nyuzi akatarizi upya, akageuza, akapiga picha bila kugusa kitu. Kosa likaonekana: programu ilisahau kuiambia mashine ikate uzi inaporuka kutoka petali hadi petali. Likarekebishwa, na baada ya majaribio mengine programu ikapokelewa rasmi.

Siku hiyo Mama Nyuzi alifungua kopo la vifungo, akafundua waya, akauchomeka. Alibonyeza apdeti, akaufunika uso wa kompyuta kwa foronya, akatoka nje.

"Alinishika mkono kama tunasubiri majibu ya hospitali," mumewe anasema. "Sijashikwa hivyo tangu harusi."

Waliporudi na kuvuta foronya, programu ilikuwa pale pale, inafunguka. "Nilikaa chini," Mama Nyuzi anasema. "Nikatia uzi kwenye sindano."

Sare za wauguzi zimerudi kwenye benchi. Mpango wake sasa ni kuifundisha programu maneno ya Kiswahili, na yeye na fundi wameanza. Kabla ya hapo, anatarizi waridi kubwa la kumtumia mlezi mwenzake.

Je, atashonea bitana kuficha mgongo, kama afanyavyo kwa wateja?

"Huyu?" Anavua miwani, anaifuta. "Huyu keshaona chini ya kitanda. Namtumia hivi hivi, atatundika upande autakao."