Pazia la Ukuta Usio na Dirisha

Harufu ya nailoni iliyopashwa joto na jua ndiyo inayonirudisha Saio, mtaa wa mji wa Bunia. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa na viti vinne vya sofa ambavyo hakuwahi kuvivua nailoni za dukani, na saa sita mchana, chini ya bati, sebule yake yote ilinuka hivyo. Nilikuwa na miaka tisa. Tulifika kwake mimi, mama na wadogo zangu wawili, tukiwa tumeyakimbia mapigano ya upande wa Iga Barrière na vitu vyetu vyote katika mifuko miwili.

Mama hakuipenda sebule ile tangu siku ya kwanza. Viti vilikuwa vikubwa kuliko chumba, tena vyote vilirundikwa upande wa mlango, tukawa tunapita kiubavu, huku upande wa pili ukiwa mtupu kabisa. Vitambaa vya kufuma vilitandikwa juu ya redio, juu ya chupa ya chai, hata juu ya vitambaa vingine. Maua ya plastiki yalijaa vumbi. Hayo mama aliyavumilia. Kilichomkosesha amani ni pazia jekundu lililoning'inia kutoka juu hadi sakafuni, upande ule mtupu, kwenye ukuta usio na dirisha.

“Rido bila dirisha,” alininong'oneza tukichambua sombe, majani ya muhogo, uani. “Inafunika nini?”

Nami nikaanza kupeleleza. Kila asubuhi, kabla ya sala, shangazi aliingiza mkono nyuma ya pazia, akatulia kidogo, midomo ikimchezacheza kama mtu anayehesabu, kisha akautoa mkono na kulinyoosha pazia vizuri. Mdogo wangu alipolisogelea, shangazi alimvuta kwa shati. “Weye mutoto, pale hapana.” Hakueleza zaidi. Na kila mvua ilipoanza tu kugonga bati, alitutoa sote sebuleni, akatupeleka jikoni, kibanda cha uani, ati tukaote moto. Yeye alibaki ndani peke yake.

Mama alishajipa jibu: wifi yake alikuwa na akiba ya chakula, na mvua ndiyo ilikuwa saa yake ya kula. Mimi nilienda mbali zaidi. Niliapa kwamba nasikia harufu ya makayabu, wale samaki wa chumvi, kila nikipita karibu na pazia. Tulianza kumtazama mdomo anapotoka ndani. Tulikula fufu yake huku tukipima tonge lake na letu. Nikikumbuka macho yetu ya siku zile, naona aibu.

Alasiri moja mvua kubwa ilishuka. Tulipelekwa jikoni kama kawaida, lakini safari hii mama aliinuka, akakatiza ua bila kujifunika kichwa. Nikamfuata. Alisukuma mlango ghafla, ili amkute anatafuna.

Shangazi alikuwa amepiga magoti. Pazia lilikuwa begani kwake, na ukutani palikuwa na ufa uliotoka kwenye bati hadi chini, mpana kiasi cha kupitisha kiganja changu. Maji ya matope yalikuwa yakiingia. Alikuwa akishindilia vitambaa vyake vya kufuma, kimoja kimoja. Nyumba yote ilikuwa ya matofali mabichi.

“Wifi,” mama akasema taratibu, “tangu lini?”

“Mulipofika ilikuwa vidole viwili. Sasa iko ine.”

“Na hukutuambia.”

“Ningekuambia, Mama Neema, ungebeba watoto uende nao kambini.” Hakugeuka. “Watoto ya ndugu yangu walale mu turubai, na mimi niko na nyumba?”

Mama akavua kitenge chake cha juu, akapiga magoti kando yake, akaanza kushindilia.

Kesho yake fundi wa kanisani aliegemeza nguzo za mikaratusi, ukuta ukabomolewa kabla haujaanguka wenyewe. Mama na shangazi walikanyaga udongo wa matofali mapya kwa miguu yao. Kwa wiki tatu sebule ilikuwa wazi kwa barabara, na wapita njia walitusalimu tukila.

Leo nina nyumba yangu hapahapa Bunia. Sebule za sasa zina vigae vinavyong'aa na taa za rangi darini, na mimi bado nikikaribishwa mahali naanza kwa kuangalia kabati lililowekwa ajabu au zulia lililotundikwa pasipofaa. Sijapona. Lakini mwaka jana, mke wa kaka wa mume wangu alipokimbia kutoka Djugu na watoto wanne, sikumpa nafasi ya kunishuku. Kabla hajaketi nilimzungusha kila chumba: hapa panavuja, mlango huu haufungi, nguzo ile imeliwa na mchwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama dari, kisha akaniuliza watoto walale upande gani.