Upande Wangu wa Ukuta

Jumanne, tarehe 8, mwezi wa sita. Manyunyu asubuhi, kisha jua kali.

Tangu volkeno ifunike meza yangu ya soko, najifunza uashi pamoja na watu wengine wasio na kazi. Leo patroni mmoja alikuwa anakuja kuchagua mwashi. Niliwaahidi watoto: nikichaguliwa, jioni ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka soko la Kituku.

Pande tatu za kibanda cha mazoezi zilikwisha jana. Wa nne ulikuwa wangu. Mwalimu wetu, fundi Paluku, aliweka mawe mawili bapa kuonyesha pa kuacha mlango, akaingia ndani kupiga lipu. Alinieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini mimi nilitafuta mawe ya kumpendeza patroni, na hayo mawili yalipita yote kwa uzuri. Nikayajenga, nikasonga mbele mpaka ukuta ukafika kifuani. Ulinyooka, hata nikajisifu kimoyomoyo.

Patroni akaupapasa. "Mama, kazi muzuri. Mwalimu iko wapi?"

Kofia ya fundi ikachomoza juu ya simenti mbichi. "Niko huku ndani, patroni. Uliza huyo Mama Furaha nitatokea wapi."

Jioni tumekula fufu na mboga za lengalenga tu.