Nilivyomsaidia Mungu Kupiga Kura

Mungu ameniongoza maisha yangu yote, na mara nyingi ameniongoza kule kule nilikokuwa nimeshaamua kwenda. Nilipotaka kuhamishwa kutoka shule ya mbali hadi Voi mjini, nilionyeshwa Voi mjini. Nilipochoka na kwaya, nilionyeshwa kwamba zamu yangu ya kuimba imekwisha. Sijawahi kuonyeshwa jambo lililonikera. Kwa miaka mingi nilichukulia hiyo kuwa dalili ya imani kubwa.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Kwetu hata mwanamke huitwa mzee wa kanisa, na cheo hicho nilikipenda tangu siku ya kwanza. Waliponichagua nilitikisa kichwa kukataa, kwa unyenyekevu, mara mbili. Mara ya tatu sikutikisa, nisije nikaaminiwa.

Nilikuwa pia na ushuhuda mmoja uliojulikana kanisa zima, wa jinsi ya kumtegemea Mungu katika maamuzi. Nimeutoa kwenye ibada za akina mama, kwenye semina, hata kwenye harusi. Ulihusu mama yangu na mdogo wangu.

Miaka ishirini na minane iliyopita mama alipata kiharusi nyumbani kwetu Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, na upande mmoja wa mwili ukafa. Baba alikuwa ameshafariki. Tulizaliwa wawili tu: mimi, wakati huo naibu mwalimu mkuu hapa Voi, na mdogo wangu wa kike, ambaye mwezi huo huo alikuwa amepata barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Mmoja wetu alihitajika kurudi nyumbani. Nikasema tusikimbilie kuamua, tuombe kwanza siku tatu. Siku ya tatu asubuhi nilimwita mdogo wangu mbele ya wajomba, nikawaambia kwamba Mungu amenionyesha: mdogo wangu abaki na mama. Alikubali bila neno. Mwaka uliofuata nikawa mwalimu mkuu. Yeye akamgeuza mama kitandani, akamwosha, akamlisha, akalima kunde na mtama na kuzikosa kunde na mtama kila ndovu walipopita, miaka kumi na tisa, hadi mama alipopumzika. Uuguzi aliufanya kweli, ila bila cheti na bila mshahara.

Hapo ndipo watu walipokuwa wakisema Amina.

Kilichokosekana kwenye ushuhuda ni kitu kidogo tu. Katika zile siku tatu sikuonyeshwa chochote. Sikusikia sauti, sikuota ndoto, wala Biblia haikujifungua yenyewe kwenye mstari wowote. Niliomba dakika chache, kisha nikawaza ni nani angekalia kiti changu pale shuleni kama ningerudi Makwasinyi. Jibu nilikuwa nalo tangu siku mama alipoanguka. Zile siku tatu zilikuwa za kulivalisha nguo.

Mdogo wangu sikuwahi kumwambia. Mama alipofariki nilijiahidi kumwambia baada ya matanga, na matanga yakaisha. Kisha nikawa napanga kumwambia kila Krismasi, na kila Krismasi anachinja kuku, tunacheka, ananihudumia mimi kwanza, nami nasema kwa nini niiharibu siku. Miaka tisa ikaenda hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani wa tumbo moja nami, na nilijua nikifungua mdomo huenda nikampoteza.

Basi Pasaka iliyopita tuliletewa mchungaji mpya, kijana, mwenye mawazo mengi. Akatangaza kwamba Alhamisi Kuu tutafanya kama Bwana Yesu alivyofanya: wazee wa kanisa sita watawaosha miguu waumini sita, mbele ya kanisa lote. Watakaooshwa watapatikana kwa kura, ili Mungu mwenyewe achague. Kazi ya kuandika majina na kukunja vikaratasi nilipewa mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri na watu wananiamini. Nilipewa pia kuwafundisha akina mama somo la unyenyekevu wiki nzima, nikaliandaa vizuri sana, likasifiwa.

Wiki hiyo mifereji ya Voi ilikuwa imekauka, kama kawaida yake. Maji yaliyokuwepo ni ya kisima, ya chumvi, yale ambayo ukisugua sabuni ndani yake haitoi povu hata ukiikemea. Wazee tulikaa mkutano mzima kujadili kama maji ya chumvi yanafaa kwa ibada. Lakini shida kubwa ilikuwa miguu yenyewe. Mtu mwenye heshima zake hawezi kumnyooshea mzee wa kanisa mguu mchafu, na vumbi letu jekundu halibagui wenye heshima. Kwa hiyo kila aliyetumaini kuchaguliwa alianza kujisugua tangu Jumatatu. Mji hauna maji, na nusu ya kanisa inaosha miguu asubuhi na jioni ili Alhamisi ioshwe miguu.

Mimi nilikuwa upande wa kuosha, nikadhani niko salama, mpaka nilipokumbuka kwamba mtu akipiga magoti mbele ya kanisa, walio nyuma yake wanaona nyayo zake. Na mimi nina magaga ya siku nyingi. Nikaenda kwa jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, mwenye duka la leso na mkono mwepesi wa kusugua visigino.

"Ndiwe utakayeosha ama ndiwe utakayeoshwa?" aliniuliza, jiwe likiwa kazini.

"Mimi nitaosha."

"Basi mbona wasuguliwa wewe?"

Nikamweleza habari ya kupiga magoti na nyayo. Alicheka mpaka akaliweka jiwe chini.

"Ewe mwalimu! Sisi twaosha yetu mara tano kwa siku, na hapana mtu atutazamaye."

Nilimwambia kwamba jambo hili lina maana ya kiroho.

"Naam," alisema akilirudia jiwe, "nayaona haya magaga ya kiroho."

Jumatano nilikaa mezani na vikaratasi. Kusema kweli, niliogopa kuangukia mguu wa mtu nisiyemtaka. Kulikuwa na mzee mmoja wa mifugo ambaye miguu yake nilikuwa nimeiona, na kulikuwa na mama mmoja mstaafu wa benki, mwenye gari, ambaye miguu yake hukutana na ardhi kwa nadra. Jina la yule mama nililikunja mara tatu. Mengine yote niliyakunja mara mbili. Sikuona kama ni udanganyifu. Niliona ni kumpunguzia Mungu kazi, maana wiki ya Pasaka ana mengi.

Alhamisi saa kumi alasiri kanisa lilijaa. Mabeseni sita mbele, taulo sita nyeupe, viti sita. Wazee tulitakiwa kuokota kura mmoja mmoja. Unyenyekevu ungetaka niwe wa mwisho, lakini wa mwisho angekuta kile kikaratasi changu kimeshaenda, kwa hiyo nikawa wa kwanza. Nilitia mkono kapuni, nikafumba macho kama mtu anayeomba, nikapapasa mpaka nikakipata kile kinene. Mchungaji akasoma jina la mama wa benki. Nikainua uso juu kwa mshangao.

Hakuna aliyesimama. Jina likasomwa tena. Ndipo mtu akakumbuka kwamba mama huyo alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Mombasa kwa mjukuu wake.

Wazee wenzangu wakaokota zao, watu wao wakakaa vitini. Mimi nikabaki nimesimama na taulo mbele ya kiti kitupu. Mchungaji alikuwa anatia mkono kapuni kuniokotea mwingine, sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma:

"Kuna mgeni huku! Mdogo wake mwalimu amefika! Mgeni ndiye aoshwe!"

Nikageuka. Mdogo wangu nilimtarajia Jumamosi. Kumbe alikuwa ameondoka Makwasinyi mchana huo kwa bodaboda hadi Maungu, na kutoka Maungu akaja moja kwa moja kanisani. Alikuwa ameketi karibu na mlango, mfuko wa kunde miguuni, anatikisa kichwa kukataa. Yeye alikataa kwelikweli, lakini akina mama walishamshika mikono wanamleta.

"Mungu amejichagulia mwenyewe!" mchungaji akasema, na kanisa likapiga makofi. Mimi kuhusu hilo sisemi lolote. Nimeshamsemea Mungu vya kutosha.

Alipovua ndala niliona miguu yake vizuri kwa mara ya kwanza, nafikiri, tangu utotoni. Vumbi jekundu lilifika juu ya vifundo. Magaga yake yalikuwa na kina, mengine yamepasuka hadi yanatisha, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, umeumizwa na jembe. Kwenye mabeseni mengine matano maji yalikuwa yanatoka kama yalivyoingia. Mguu mmoja ulipakwa mafuta mengi hivi kwamba ulimponyoka mzee mwenzangu, nusura amwagikiwe na beseni zima.

"Dada, hii haikai vizuri," mdogo wangu alininong'oneza. "Mimi ndio mdogo. Wacha mimi nikuoshe."

"Keti," nikamwambia, kwa sauti ile ya gwaride la asubuhi. Hata nikiwa magotini natoa amri.

Nikauingiza mguu wake mmoja kwenye maji, nikaanza kusugua. Maji yakawa mekundu mara moja. Watu wa viti vya mbele wakanyoosha shingo, maana kati ya mabeseni sita hilo peke yake lilikuwa na kazi. Sabuni haikutoa povu, nikaacha sabuni, nikatumia vidole. Nikiwa hapo nikakumbuka kwamba mikono ya huyu ilimwosha mama yetu miaka kumi na tisa, na kwamba mimi katika muda huo nilikuja likizo, nikaleta sukari, nikaombea chakula. Na nyuma yangu kanisa zima lilikuwa linatazama nyayo zangu laini. Niliona aibu, na haikuwa ile aibu nzuri ya kwenye mahubiri.

Kwaya ilikuwa imeanza kuimba. Mdogo wangu akainama karibu na sikio langu. Alikuwa anatabasamu, anataka tu kunitania, aone kama nitacheka mbele za watu.

"Na leo pia ni Mungu amekuonyesha?"

Ningeweza kucheka. Njia ilikuwa wazi kabisa, kucheka, kumfinya kidole, na miaka mingine tisa ipite.

"Hakunionyesha," nikasema.

"Nini?"

"Siyo leo. Ile siku ya mama. Hakunionyesha kitu. Nilikuwa naitaka ile kazi, nikasema ni Mungu."

Mguu wake ukatulia mkononi mwangu. Sikuinua macho. Nilitazama ule ukucha mweusi, nikaendelea kuusugua mahali ambapo palikuwa pameshatakata, kwa kuwa nisingejua la kufanya na mikono kama ningeacha. Kwaya ilimaliza ubeti, ikaingia mwingine. Nilisubiri auvute mguu, avae ndala zake, atoke. Ningemwelewa.

"Hata mimi niliomba zile siku tatu," akasema mwishowe.

"Sikujua."

"Hukuniuliza."

"Wewe uliambiwa nini?"

"Niende chuo." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya kunde. "Ilikuwa wazi kabisa, dada. Nilikuwa nimeanza hata kupanga nguo. Halafu ukakuja na yako mbele ya wajomba, na wewe ndio ulikuwa mwalimu. Nikajua ni mimi nilisikia vibaya. Tangu hiyo siku nikiomba, sisikizi tena. Nasema yangu namaliza, nangoja mtu aje aniambie."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua kwamba machozi yalianza kuanguka kwenye lile beseni na kwamba sikuwa na mkono mkavu wa kuyafuta. Mchungaji aliyaona. Akaisimamisha kwaya, akaja akasimama juu yetu, akanyoosha mkono kunielekea.

"Tazameni, wapendwa! Mzee wetu analia! Huu ndio unyenyekevu!"

Kanisa likajibu Amina, kwa nguvu, Amina ile ile ya ushuhuda wangu. Nilitaka kusimama niwaambie wanyamaze. Badala yake nikavuta taulo.

Mguu mmoja ulikuwa tayari, nimeufuta na kuulaza juu ya taulo. Wa pili ulikuwa bado chini, kwenye sakafu, mwekundu. Mkono wangu ulishaanza kuufuata, kwa mazoea, nikauzuia.

"Nikuoshe na huu mwingine," nikamuuliza, "ama hutaki?"

Wazee wenzangu walikuwa wanakunja taulo, mchungaji anatazama saa, mama mmoja ananiashiria niharakishe. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja kidogo, kama mtu anayesikiliza, na mimi nikabaki pale magotini, nikingoja atakachosema.