Maneno ya Kaliza

Kila anayeanza kujifunza kompyuta kwa Ntare, hapa Remera, hufundishwa kwanza kutoogopa. "Bonyeza," huwaambia. "Haina meno." Wanafunzi wake ni watu wazima waliokulia Tanzania kama yeye, kabla ya kuhamia huku. Mashine zake ni kuukuu, zilizochoshwa na ofisi za mtaa wa Kiyovu, katikati ya jiji, na zote zinatumia Xfce, ile programu ya bure yenye alama ya panya inayopanga madirisha na menyu kwenye skrini. Ni nyepesi, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuibadilisha.

Kaliza, mkewe, aliifungua. Aliketi kwenye mashine ya mumewe akiweka maneno ya menyu katika Kiswahili cha nyumbani kwao Karagwe. Penye pipa la taka aliandika, "Vya kutupa, fikiri kwanza." Mtu alipotaka kuzima, skrini iliuliza, "Unaondoka na hujanywa chai?" Ntare alimsihi ayapeleke kwa watafsiri wanaojitolea wa programu hiyo. "Bado nanyoosha," alisema. Alifariki kabla ya Pasaka, na maneno yake yakabaki katika mashine ile moja tu.

Tangu hapo Ntare alizisasisha mashine zote isipokuwa hiyo, maana sasisho lingefuta maneno ya mkewe. Alama ya sasisho ilipochomoza, aliifunga.

Jumatano alitoka kumfungulia mtu lango. Aliporudi alimkuta Eustadia, muuza vitenge, ameketi kwenye kiti chake, miwani puani.

"Mwalimu, mashine yako ilikuwa inalia njaa. Nimeilisha."

"Umefanyaje, Mama Goodluck?"

"Kale kaalama, nikakabonyeza. Ikataka nenosiri, nikaipa la darasa. Ikazima, ikarudi yenyewe. Goodluck hataamini. Yule hata rimoti ananinyang'anya."

Ntare akainama, akafungua menyu. Maneno yalikuwa safi, sahihi, ya watu asiowajua. Akaenda penye kuzima. Skrini ikamuuliza kama ana hakika.

Eustadia alimtazama usoni, akavua miwani. "Nimeharibu?"

Majuma ya kwanza mama huyu alikuwa akishika kipanya kwa ncha za vidole, kama kaa la moto.

"Hapana, mama. Umefanya nilivyokufundisha."

Akafundisha hadi mwisho. Wengine walipotoka, Eustadia naye akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni kuaga. Ntare alitaka kumuuliza kama anaondoka na hajanywa chai. Badala yake akaenda kumfungulia lango.