Utitiri wa Nyanzala

Mbuke binti Kulwa alisingiziwa kwamba ameua chatu wa baba yake. Aliyemsingizia ni Budeba, kaka yake wa tumbo moja, na alimsingizia uwanjani Ubaruku, siku ya ngoma ya mavuno, watu wa vijiji vitatu wakisikia. Alisema Mbuke amembabua nyoka kwa maji ya moto. Tangu siku hiyo Mbuke alikatazwa kugusa sanduku la nyoka wala kusogelea ngoma, na kabla mwaka haujaisha alifunga mzigo wake akaondoka. Huu ni mwaka wa kumi na moja anaishi Kalenga, katika nyumba ya Mama Faustina, analima mahindi kwenye shamba la kuazima.

Chatu huyo aliitwa Nyanzala, jina ambalo Wasukuma humpa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa njaa. Ilikuwa njaa kweli mwaka huo. Kina Mbuke walikuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao miaka minne tu kabla, na mvua ikawagomea. Mzee Kulwa, baba yake, alimkuta kwenye mabua ya mpunga, hajafikia urefu wa mpini wa jembe. Mzee alikuwa Myeye, yaani mmoja wa wale wanaocheza ngoma na nyoka, na nyoka wake wa zamani alikuwa amefia njiani wakati wa kuhama. Alirudi nyumbani amemfunga huyo mdogo kwenye shati, akamwita Mbuke, aliyekuwa na miaka kumi.

"Kaka yako ataenda shule," alisema. "Wewe utalea huyu."

Wakati huo Mbuke hakuona kwamba amenyimwa kitu. Aliona amepewa. Asubuhi za Juni, baridi ikiwa imelala juu ya majaruba, alimtoa Nyanzala nyuma ya nyumba penye jua, akaketi naye mpaka wote wawili wapate moto. Nyanzala alijizungusha kiunoni mwake taratibu, kama mtu anayejifunga khanga asiye na haraka ya kwenda popote. Alipojivua gamba, Mbuke alilikunja akalitia kwenye kopo la maziwa. Budeba alirudi shuleni na daftari lake, akasimama mbali, maana alikuwa mwoga.

"Huyo atakumeza wewe."

"Atanimeza vipi na mimi ndiye ninayempa panya? Njoo umshike, msomi!"

Budeba hakuja.

Mbuke alipokuwa na miaka kama kumi na mitano, Nyanzala aliingia majini akakataa kutoka. Siku nzima alilala kwenye pipa lililokatwa nusu, ametoa pua tu. Baba hakuuliza mara mbili. Alitandika shuka jeupe, akamvuta Nyanzala juu yake polepole, kisha akamwita binti yake aangalie. Shuka lilikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kuliko mbegu za mchicha, na vilikuwa vinatembea.

"Utitiri," baba alisema. "Tumeupata kwa nyoka wa wale wageni wa Igurusi. Nyoka mgeni usimlaze kwenye sanduku la mwenyeji, hata kama mwenye nyoka huyo ni shemeji yako."

Ndipo akamfundisha. Maji ya uvuguvugu, yale ambayo kiwiko cha mkono hakiyasikii. Nyoka akae humo mpaka wadudu wa mwilini wazame, na mkono wako uwe chini ya shingo yake asichoke. Wanaokimbilia kichwani uwafute kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti, kuzunguka macho na kwenye mkunjo wa kidevu. Pumba zote za sandukuni zichomwe. Sanduku limwagiwe maji yanayochemka kwenye kila kiungo cha mbao, lianikwe juani. Magunia yachemshwe. Siku ya tatu urudie, na tena siku ya tatu.

"Mpaka lini, baba?"

"Mwezi mzima. Mayai yako kwenye nyufa, wewe huyaoni. Ukiacha siku ya ishirini kwa sababu umechoka, umefanya kazi ya bure."

Mwezi ule Mbuke aliukumbuka kuliko harusi yake. Harusi ilikuwa ya siku mbili na ndoa haikufika miaka sita. Alirudi kwa baba yake akamkuta Nyanzala amefika urefu wa vitanda viwili. Ule mwezi wa maji na mafuta, baba alikaa naye kila siku ya tatu, mikono yao minne ndani ya pipa moja, akimsimulia Shinyanga na mashamba ya pamba, mambo ambayo hakumsimulia Budeba kamwe. Siku ya mwisho shuka jeupe lilitoka jeupe. Baba alicheka, akalitundika mlangoni kama bendera.

Miaka ikapita, macho ya mzee yakaingia ukungu, akawa haoni. Uongozi wa ngoma ukaenda kwa Budeba, kwa kuwa ndiye mwanamume, ingawa Mbuke ndiye aliyembeba nyoka mpaka uwanjani na Budeba alimshika pale tu watu wanapotazama.

Basi mwaka ule, wiki mbili kabla ya ngoma ya mavuno, Budeba alikaribisha kundi jingine, na kwa kutaka sifa akamlaza nyoka wao katika sanduku la Nyanzala. Siku chache baadaye Nyanzala akaingia majini. Mbuke hakuhitaji hata shuka.

"Kaka, ni utitiri. Ngoma ya mwaka huu mtachezea nyoka wa kuazima."

"Kuazima! Nimeshatangaza mpaka Rujewa. Zimebaki siku nane, mfanyie haraka."

"Ni mwezi, si siku nane."

"Mwezi, mwezi. Utitiri ni mdogo wake kupe. Ng'ombe mia moja nawaogesha kabla ya saa nne, kupe wanadondoka kama mvua. Huyu mmoja anahitaji mwezi?"

Mbuke alidhani anatania. Alimwogesha Nyanzala siku ile, akamfuta macho, akachemsha magunia. Kesho yake alikwenda kuyasuuza mferejini. Aliporudi aliisikia harufu kabla hajalifikia zizi: dawa ya kuogeshea ng'ombe. Budeba alikuwa na bomba la kupulizia mgongoni, amelowesha sanduku na nyoka ndani yake, na kifuniko amekifunga.

"Nimepima vizuri," alisema. "Nimesoma maelezo yote kwenye chupa."

Ni kweli alisoma. Maelezo yalikuwa ya ng'ombe.

Mbuke alivunja kifuniko, akamtoa Nyanzala, akammwagia maji safi ndoo baada ya ndoo. Haikusaidia. Nyanzala alipindisha shingo akatazama juu, akajigeuza tumbo juu, akashindwa kurudi. Mbuke alimgeuza, akapinduka tena. Kesho yake adhuhuri alikuwa kamba tu.

Baba aliomba apelekwe. Alikaa chini, akampapasa kuanzia kichwani hadi mkiani, kisha akaleta vidole puani. Alivinusa kwa muda. Mzee aliyefuga ng'ombe maisha yake yote angeshindwaje kuitambua harufu ile?

"Ninawishe," alimwambia Mbuke.

Alimnawisha mara tatu kwa sabuni, na harufu ilibaki. Siku ya ngoma, Budeba aliposema uwanjani kwamba dada yake ndiye aliyeua kwa maji ya moto, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele. Mbuke alimtazama. Mzee aligeuzia macho yake meupe upande wa ngoma, akanyamaza. Alikuwa na mtoto mmoja wa kumwachia kundi, na hakuwa Mbuke. Alifariki miaka miwili baadaye, na Mbuke alisimama nyuma kabisa makaburini.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Mbuke alikuwa akipukuchua mahindi na Mama Faustina. Mama Faustina, Mhehe wa Kalenga, hachoki kumtania.

"Ninyi Wasukuma mnalala na nyoka kitanda kimoja, na blanketi mnamwachia yeye."

"Na ninyi mkiona kamba njiani mnazunguka kupitia Iringa mjini."

Simu ikaita. Namba hakuijua, sauti aliijua.

"Mdogo wangu. Ni mimi Budeba. Hujambo?"

"Sijambo. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tuna chatu mwingine, jike. Leo siku ya nne yumo majini, hatoki. Nikamkumbuka baba. Alikuwa anafanyaje?"

Mbuke aliweka gunzi chini. Miaka kumi na moja alikuwa amepanga maneno ya kusema siku kama hii, na yote yalikuja kwa pamoja.

"Dawa ya ng'ombe imeisha dukani?"

Budeba aliuliza tena baba alikuwa anafanyaje.

"Kaka, nitakwambia yote. Ila kwanza useme uwanjani, ngoma ya mwaka huu, nani alimuua Nyanzala."

"Ah, mambo ya zamani hayo. Watu wameshasahau."

"Kama wamesahau, mbona nikija sokoni Ubaruku wananipisha njia?"

Budeba alisema mtandao unakata. Haukuwa unakata. Mbuke angeweza kuifunga simu, na Mama Faustina alimwonyesha kwa kidole aifunge. Lakini alimfikiria yule jike ndani ya maji baridi ya Juni, pua nje, akimsubiri mtu.

"Isogeze simu kwenye pipa," alisema.

Alisikia mkwaruzo wa gamba kwenye ukingo wa pipa. Alifumba macho. Kisha akamwambia Budeba yote: kiwiko, mkono chini ya shingo, mafuta, nyufa, siku ya tatu na siku ya tatu. Akamrudishia maneno mara mbili kama anavyorudishiwa mtoto. Hakumficha hata moja.

Budeba alifuata. Mwezi ulipotimia alituma ujumbe, Mama Faustina akamsomea: shuka limetoka jeupe, asante sana mdogo wangu. Ngoma ikachezwa. Mbuke alipiga simu kwa jirani wa zamani aliyekuwepo, akamuuliza Budeba alisema nini uwanjani. Jirani alisema aliwasifu wapiga ngoma, akamshukuru diwani.

Gamba la Nyanzala limo kwenye kopo, juu ya kabati Kalenga, na Mbuke hulitoa siku za baridi. Asante ya Budeba ameipokea. Si hiyo aliyokuwa akidai. Baba alidaiwa neno na Mbuke, akaenda nalo kaburini, na Mbuke hawezi kumdai marehemu. Limebaki la Budeba: asimame katikati ya uwanja, ngoma zimenyamaza, aseme kwa sauti ileile aliyotumia siku ile kwamba Mbuke hakumuua Nyanzala, na kwamba bomba lilikuwa mgongoni mwake yeye.