Bolti Kwenye Mpira wa Breki

Kaka yangu ni fundi wa kuziba. Mpira wa injini ukivuja hatafuti mwingine; anachomeka msumari, anafunga waya, halafu anapiga kelele, "Haya, washa!" Ufundi huo aliutoa gereji moja ya Nyahanga, na mpaka leo natamani angeuacha hukohuko.

Pikapu aliyotuachia marehemu baba ni ya kabureta, ya zamani, na injini yake imezungukwa na mipira myembamba ya kuvuta hewa kama utumbo wa mbuzi. Baba aliijua mmoja mmoja. Kaka alikuwa haonekani nyumbani, kwa hiyo mimi, mtoto wa kike, ndiye niliyemshikia baba spana. Alinifundisha kuweka kipande cha mpira sikioni na kupitisha ncha ya pili juu ya injini: penye ufa utasikia hewa inavutwa, sssss.

Jumapili moja nilifika nyumbani Samuye kutoka Geita, ninakofanya kazi. Kesho yake kaka alikuwa ampeleke mama hospitali mjini kwa ajili ya presha, kama kila Jumatatu mwezi ule. Nikafungua boneti. Misumari mitatu!

"Shikamoo kaka," nikasema, kwa sauti ya kumtukana.

"Marahaba. Funga boneti yangu."

"Yako tangu lini?"

"Hiyo mipira ni mapambo tu. Gari lilikuwa linatetemeka, linazima kila likisimama. Nimelitibu. Wewe nenda kapike."

Nikapike! Nilikaa juani mpaka saa nane nikifuata mpira mmoja baada ya mwingine, yeye akinisimanga kutoka kivulini, mama yuko mlangoni anachambua choroko. Ule mnene niliuacha mwisho kwa sababu ulionekana mzima. Nikauchomoa. Ndani mlikuwa na bolti. Huo ndio mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki, unaofanya pedeli iwe laini mguuni. Ukizibwa, gari linasimama kwa nguvu za paja la dereva tu.

Nikamtupia bolti miguuni. "Unataka kumuua mama?"

"Acha uchuro! Mbona tunakwenda na kurudi?"

Ufa ulikuwa kwenye ncha. Nikakata, nikachomeka upya, nikakaza. "Panda. Kanyaga breki, halafu washa."

Akawasha. Nikaliona goti lake likizama lenyewe pedeli ilipolegea. Akazima, akajaribu tena, na tena. Hakunitazama.

Ndipo mama akaongea, macho bado kwenye ungo. "Nilijua haiko sawa. Huyu alikuwa anakanyaga breki kwa miguu miwili. Jumatatu iliyopita ng'ombe walivuka barabara. Tulisimama nikauona mkia wa mmoja kwenye kioo, hapa, karibu na uso wangu."

"Na ukapanda tena wakati wa kurudi?" Nilifoka. Mama yangu mzazi, nilimfokea. "Kwa nini hukuniambia, mayu? Simu unayo!"

"Ningekuambia, ungekuja kugombana na mwenzako."

Akapepeta choroko mara mbili, akaangalia upande wa lile bolti lililokuwa bado vumbini.

"Afadhali ng'ombe kuliko ugomvi wenu," akasema.