Walitaka kumzika mwenyekiti wetu kwenye kiwanja cha chekechea

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Karagwe, chumvi sijaongeza.

Tuna chama cha kulea yatima, NGO ndogo tu. Miaka ya nyuma tulinunua kibanja, yaani kiwanja, pale Kanoni tujenge chekechea. Muuzaji akagoma kukiuzia chama. Anataka mtu anayemjua, mwenye ukoo unaojulikana.

Tukaona isiwe tabu, tukaandika jina la mwenyekiti wetu, Mwalimu Kaiza. Mashahidi wakanywa rubisi yao, pombe ya ndizi, mambo yakaisha. (Mie nilikunywa soda, asije mtu akaniuliza.)

Mwaka huu Mwalimu akafariki.

Hata machozi hayajakauka, nakuta vijana na majembe nyuma ya madarasa tuliyojenga. Mdogo wake marehemu anawaonyesha pa kuchimba kaburi!

Kwa wasiojua huku kwetu: mtu anazikwa kwenye kibanja chake. Kaburi likishaingia, ukoo hautoki tena hapo. Watoto wetu wangekwenda wapi?

Nilipandwa na hasira. Nikasimama palepale walipopima, na baibui langu.

"Shikamoo baba. Lakini hapa hachimbi mtu."

"Karatasi ina jina la nani?" akaniuliza.

Jamani, jina ni la kaka yake. Ila sikutoka.

Ndipo akafika mjane, Mama Koku, kashikiliwa na wanawake wawili. Akamtazama shemeji yake, akasema, "Mume wangu ana migomba yake nyumbani. Mlazeni huko. Hapa alikuwa anakuja kufundisha tu."

Majembe yakashushwa. Nililia kuliko msibani.

Baada ya arobaini hatukulala. Mahakama ikamteua Mama Koku msimamizi wa mirathi, sisi tukasajili bodi ya wadhamini, ndipo kibanja kikahamishiwa kwa bodi. Njoo, rudi, njoo, rudi, lakini hatukuachia.

Kodi nayo! Tulidhani NGO hailipi kitu. Kumbe msamaha unaombwa, hauji wenyewe. Na vyumba vya mbele ya chekechea, tulivyopangisha kwa wenye maduka, vina kodi yake. Tunalipa sasa, roho safi.

Basi wakuu, niambieni: kiwanja cha kikundi chenu, cha msikiti au kanisa lenu, kipo kwa jina la nani?

Kaangalieni leo, huyo mwenye jina akiwa bado anaitikia salamu. Halafu mrudi hapa mseme mlichokuta.